Mkumbo wa Mtandaoni Ukiingia Shuleni: Ulinganisho wa Njia za Kuwasaidia Wanafunzi Waujibu Wenyewe

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya katikati ya mwaka, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu hakutoka bwenini kwenda mstarini. Matroni alimkuta amekaa kwenye kitanda cha chini, sare ameshaivaa, viatu ameshavifunga, na kanga amejitanda mpaka machoni. Wakati wa likizo ukurasa mmoja usiojulikana mwenyewe ulikuwa umechapisha picha za wasichana wa shule yetu, kila picha ikiwa imepewa alama kati ya kumi na kuandikiwa maneno ya kejeli, na yeye ndiye aliyepewa alama ya chini kuliko wote. Shule yetu ni ya bweni na simu haziruhusiwi, lakini mkumbo ule haukuhitaji simu ili uvuke geti, kwa kuwa ulikuja pamoja na masanduku, katika vinywa vya wanafunzi waliouona nyumbani.

Siku hiyohiyo mimi, nikiwa mwalimu wa malezi, nilipendekeza suala lile likemewe mstarini, na likakemewa kwa ukali pamoja na kutajwa jina la ukurasa wenyewe. Wanafunzi wengi walikuwa hawajausikia. Siku ya wazazi kutembelea ilipofika, baadhi yao waliomba simu za mama zao kwa dakika chache, wakautafuta. Nilichokusudia kiwe kinga kiliwafikisha watazamaji wapya kwenye picha za yule msichana, na tangu wakati huo nimekuwa nikizilinganisha kwa makini njia ambazo shule mbalimbali zimetumia, hasa zile ambazo wanafunzi wenyewe ndio waliotangulia mbele na walimu wakabaki nyuma yao.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa malezi, mlezi wa klabu au mzazi aliyemo katika kamati ya shule ambaye anapaswa kuamua, mara nyingi ndani ya siku chache, kama shule itoe onyo, kama wanafunzi waanzishe mkumbo mwema wa kuujibu ule mbaya, kama wafungue ukurasa wa pongezi au waonyeshe mshikamano kwa ishara fulani, au kama shule ilee kikundi kidogo cha wanafunzi ambao wenzao huwatazama. Nitangulie kusema kwamba njia hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini zaidi, ingawa haifai kwa kila hali na haiwezi kusimama peke yake.

Mkumbo unaumiza nini?

Swali hili litangulie, kwa sababu hapa ndipo njia zinapoachana. Iko mikumbo inayoharibu mali. Septemba 2021, wanafunzi wengi wa Marekani waliporudi madarasani baada ya muda mrefu wa kusomea nyumbani kwa sababu ya korona, baadhi yao walianza kujirekodi wakionyesha vitu walivyoviiba shuleni. Walianza na vitu vidogo kama boksi la barakoa, wakaja kwenye vikasha vya sabuni ya chooni, kisha wakafikia kung'oa masinki na viti vya vyoo. Mkumbo huo uliitwa "devious licks", na katikati ya mwezi uleule TikTok ilianza kuziondoa video zake, wakati baadhi ya shule zilikuwa zimekwisha kufunga vyoo au kuweka walinzi milangoni.

Iko pia mikumbo inayomuumiza mtu fulani, kama ukurasa ule wa alama, na iko inayouumiza mwili wa yule anayeufuata. Mwanzoni mwa 2018 vijana wa Marekani walikuwa wakijirekodi wakitafuna vifuko vidogo vya sabuni ya maji ya kufulia nguo. Vituo vya nchi hiyo vinavyotoa ushauri kuhusu sumu vilihesabu visa 39 vya vijana waliofanya hivyo kwa makusudi katika siku 15 za kwanza za mwaka huo, idadi sawa na ya mwaka mzima wa 2016.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua mambo. Mali iliyoibwa inaweza kurudishwa mbele ya macho ya watu, na kule kurudisha kukawa ndiyo jibu. Mtu aliyedhalilishwa harudishiwi heshima yake kwa tendo moja la hadharani, na pengine hadhara yenyewe ndiyo anayoikimbia. Mwili unapokuwa hatarini, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba wale ambao hawajausikia mkumbo huo wanaendelea kutousikia.

Onyo la shule na madhara yake

Onyo lina sifa mbili ambazo jibu la wanafunzi halina: ni la haraka, na lina mamlaka. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo ya 2018. Ushahidi ukihitajika kuhifadhiwa, mzazi kuitwa, au polisi kuarifiwa, kazi hiyo ni ya watu wazima na mwanafunzi asibebeshwe. Vivyo hivyo, Mei 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipotangaza kuupiga marufuku mchezo wa Blue Whale, uliohusishwa na vijana kujidhuru, ilichukua hatua ambayo hakuna baraza la wanafunzi lingeweza kuichukua.

Udhaifu wa onyo ni kwamba hubeba tangazo ndani yake. Februari 2019 wazazi wa Uingereza walisambaziana kwa hofu kubwa habari za kiumbe kilichoitwa Momo, ambacho kilidaiwa kuwatokea watoto kwenye video na kuwaamuru wajidhuru. Mashirika ya hisani ya nchi hiyo, yakiwamo Samaritans na NSPCC, yalieleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa watoto kudhurika kwa amri hizo. Picha yenyewe ilikuwa ya sanamu iliyotengenezwa na msanii wa Kijapani kwa ajili ya maonyesho, na watoto wengi waliiona kwa mara ya kwanza kwa sababu watu wazima waliisambaza ili kuwaonya. Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya wizi wa vyooni, shule za Marekani zilipelekeana maonyo kuhusu mkumbo wa kuwapiga makofi walimu, ilhali TikTok yenyewe ilisema kwamba jambo hilo halikuwa likivuma katika jukwaa lake.

Jaribio moja la huko Arizona linaeleza vizuri kwa nini hali huwa hivi, ingawa halihusu mtandao wala shule. Katika hifadhi ya taifa ya Petrified Forest wageni wamekuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe, na mtafiti Robert Cialdini na wenzake walilinganisha vibao viwili vya onyo. Kimoja kilisema kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande na kuiharibu hifadhi. Kingine kiliwaomba tu wageni wasichukue. Mahali palipowekwa kibao cha kwanza, karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotiwa alama viliibwa, lakini palipowekwa cha pili havikufika hata asilimia 2. Mtu anaposikia kwamba wengi wanafanya, hulisikia hilo kwanza, kisha ndipo akasikia kwamba limekatazwa. Siku ile mstarini nilikuwa nimebandika kibao cha kwanza.

Kwa hiyo onyo, linapokuwa la lazima, lielezwe kwa tendo bila kutajwa jina la mkumbo, bila kuonyeshwa picha, na bila kudai kwamba wanafunzi siku hizi wote wako hivyo. Kauli kama "vifaa vya choo ni mali ya wote, na anayejua vilipo avirudishe kabla ya Ijumaa" inatosha.

Kujibu mkumbo kwa mkumbo

Wakati vyoo vya Marekani vilikuwa bado vinavunjwa, wanafunzi wengine walianza kujirekodi wakifanya kinyume chake. Waliingia chooni na mifuko, wakaweka sabuni mpya, karatasi za chooni na vikaratasi vya kutia moyo vilivyobandikwa kwenye vioo, wengine wakaacha hata fedha. Jibu hilo nalo lilipewa jina, "angelic yields", na kilichonivutia ni kwamba lilifuata kanuni zilezile za mkumbo lililoujibu: tendo fupi linaloonekana, linalorekodiwa, linalomwita mwingine aige. Machi 2019 picha mbili za kijana aliyeketi penye takataka na kisha pakiwa safi zilizunguka dunia kwa mtindo huohuo, zikiwa na mwito kwa vijana waliochoshwa na kukaa bure watafute mahali pachafu, wapasafishe na waweke picha. Hapo napo hakuna aliyehubiriwa.

Nguvu ya njia hii ni wepesi wake. Wanafunzi wa kutwa wenye simu wanaweza kuianza leo jioni, gharama yake ni kipande cha sabuni, na wale wasiopenda kusimama mbele ya watu wanaweza kushiriki bila kusema neno. Kwa mkumbo wa kuharibu mali sijaona njia inayofaa zaidi kwa haraka. Shule ya bweni isiyo na simu inaweza kuifuata pia, kwa kuwa kinachohitajika ni tendo lionekane. Darasa moja likirudisha ndoo na kata chooni na kuandika jina la mkondo wake kwenye ndoo, mkondo wa pili hautakubali kushindwa.

Hata hivyo njia hii huzimika upesi kama mkumbo wenyewe, na mwalimu anayeitegemea peke yake atajikuta mwezi wa pili hana kitu. Tena kuna jambo ambalo sitaki lipite kimyakimya: wema unaorekodiwa humgeuza anayesaidiwa kuwa kifaa cha video. Sabuni haina aibu, lakini mwanafunzi anayepewa daftari mbele ya kamera anayo. Kwa sababu hiyo njia hii isitumiwe kumjibia mtu aliyedhalilishwa, na isitumiwe kabisa kwa mikumbo ya kuumiza mwili, kwani kila video ya kuukataa mkumbo wa kumeza kitu humfundisha anayeitazama ni kitu gani kinachomezwa.

Ukurasa wa pongezi na fulana za waridi

Njia hizi mbili hutajwa pamoja kwa kuwa zote zilianzia kwa wanafunzi wachache waliochukizwa na uonevu, lakini hufanya kazi kwa namna tofauti sana. Mwaka 2012, katika shule ya sekondari ya Osseo jimboni Minnesota, ambako wanafunzi walikuwa wakitukanwa kwenye Twitter, nahodha wa timu ya kandanda ya Kimarekani alifungua akaunti iliyoitwa OsseoNiceThings, akaanza kuandika mambo mema kuhusu wenzake, akiwataja kwa majina, huku yeye mwenyewe akijificha kwanza. Miaka mitano kabla ya hapo, Septemba 2007, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, mvulana mmoja mgeni wa darasa la tisa alionewa kwa sababu ya kuvaa fulana ya rangi ya waridi siku ya kwanza ya masomo. Wanafunzi wawili wa darasa la kumi na mbili, David Shepherd na Travis Price, walinunua fulana 50 za rangi hiyo kwenye duka la bei nafuu, wakawaarifu wenzao kwa njia ya mtandao usiku, na kesho yake wakazigawa mlangoni. Mamia ya wanafunzi walikuja wamevaa waridi.

Tofauti ninayoiona ni hii. Ukurasa humtaja mtu. Fulana humzunguka mtu bila kumtaja. Mwanafunzi anayesifiwa ukurasani hupokea maneno ambayo anaweza kuyarudia kuyasoma, na katika shule yenye wanafunzi wengi ni faraja kubwa kujua kwamba kuna aliyekuona. Lakini ukurasa una wenye kutajwa na wasiotajwa. Nimesoma kurasa za namna hiyo zilizoanzishwa na wanafunzi wa hapa kwetu kwa nia njema, na baada ya wiki tatu majina yalikuwa yaleyale ya wanaojulikana tayari, huku pongezi kwa wasichana zikihusu sura na umbo, yaani kipimo kilekile cha ukurasa wa matusi kikiwa kimegeuzwa upande. Ukurasa pia una neno la siri, na anayelishika akihama shule au akikosana na wenzake, silaha imebaki mkononi mwake. Kuna suala la umri vilevile: majukwaa makubwa kama TikTok, Instagram na Facebook yanataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, kwa hiyo shule ya msingi isiwaongoze watoto wake huko hata kwa jambo jema. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi katika kushughulikia taarifa binafsi za mtoto, na klabu inayoweka majina na picha za wanafunzi mtandaoni ijue kwamba inagusa jambo hilo.

Fulana za waridi hazina hatari hizo nyingi. Ugumu wake kwetu ni sare, kwa kuwa shule zetu haziruhusu mavazi mengine. Nimeona wanafunzi wakitumia utepe wa uzi wa kufumia mkononi, na hilo linawezekana endapo mwalimu wa nidhamu amearifiwa mapema. Sharti ambalo naliona kubwa zaidi ni kumuuliza aliyeumizwa kwanza. Wale vijana wa Kanada walibahatisha, na mvulana yule alifarijika, lakini msichana wetu wa Kidato cha Tatu, nilipomuuliza kama angependa wenzake wavae kitu kwa ajili yake, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba wasahau." Ishara yoyote ya mshikamano ingekuwa tangazo la tatu.

Kikundi cha wanaotazamwa

Njia ya mwisho ndiyo yenye ushahidi ulio imara zaidi kati ya hizi zote. Katika mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013, Elizabeth Levy Paluck wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake wawili walifanya jaribio katika shule 56 za kati za jimbo la New Jersey, zenye wanafunzi zaidi ya 24,000, na nusu ya shule hizo zilichaguliwa kwa kura kupata programu. Katika kila shule iliyochaguliwa, kikundi cha wanafunzi wapatao 20 hadi 32 kilikutana na mtu mzima aliyefunzwa kila baada ya wiki mbili. Hawakupewa ujumbe wa kusambaza. Waliulizwa ni migogoro gani inayowasumbua shuleni kwao, kisha wakabuni majibu yao wenyewe: mabango yenye picha zao na kauli walizozitunga, na bangili za mpira za rangi ya machungwa walizompa mwenzao yeyote waliyemwona akifanya jambo la kirafiki. Baada ya mwaka mmoja, taarifa za kinidhamu kuhusu migogoro ya wanafunzi katika shule hizo zilikuwa chini kwa asilimia 30 zikilinganishwa na shule ambazo hazikupata programu.

Sehemu ninayotaka mwalimu aisome mara mbili ni ile inayohusu nani alikuwamo kikundini. Watafiti waliwaomba wanafunzi wote wataje wenzao, wasiozidi kumi, ambao walipenda kuwa nao katika wiki chache zilizopita, ana kwa ana au mtandaoni. Wale waliotajwa na wengi ndio ambao tabia zao zilikuwa zikitazamwa, na kikundi kilipokuwa na wanafunzi wengi wa aina hiyo, athari yake ilikuwa kubwa zaidi. Maneno yaliyoandikwa kwenye mabango yalikuwa na uzito kwa sababu ya nyuso zilizokuwa juu yake.

Sisi tunapoambiwa tuchague wanafunzi wa kuongoza jambo, mikono yetu huenda moja kwa moja kwa viranja. Nilifanya zoezi lile la karatasi katika mkondo mmoja, karatasi zisizo na jina la mwandishi, nikaahidi kwamba hakuna mwingine atakayezisoma. Jina lililojitokeza mara nyingi zaidi upande wa wasichana halikuwa la dada mkuu wala la kiranja wa bweni. Lilikuwa la msichana ambaye sikuwahi kumpa kazi yoyote, mwenye alama za kawaida na aliyewahi kuadhibiwa kwa kuchelewa, lakini ambaye kila Jumamosi mchana huketi kwenye ngazi za bweni akiwasuka wenzake nywele, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua linapozama. Kila aliyesukwa alikuwa amekaa saa nzima kichwa chake kikiwa mikononi mwa msichana huyo, akizungumza. Kuhusu nani anasemwa vibaya na nani analia usiku, msichana huyo alijua mambo ambayo ofisi yangu isingeyajua kwa muhula mzima.

Upande wa wavulana, jina mojawapo lililorudiwa lilikuwa la kijana ambaye mimi mwenyewe nilimsikia akizitaja zile alama kwa kicheko. Hapa mwalimu ataingiwa na mashaka, na ana haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin ulionyesha kwamba vijana wenye tabia za utukutu wakikusanywa pamoja ili warekebishwe, wanaweza kufundishana na kuharibikiwa zaidi. Lakini onyo hilo linahusu kuwakusanya wao kwa wao. Mmoja au wawili wakiwa ndani ya kikundi cha wanafunzi zaidi ya 20 wa aina mbalimbali ni jambo jingine, na kuwaacha nje wale ambao wenzao huwaiga ni kuuachia mkumbo washenga wake. Nilimwingiza.

Kikundi kilipokutana mara ya pili katika maabara ya biolojia, niliuliza swali moja tu: ni kitu gani kinachowaumiza watu hapa shuleni ambacho walimu hatukioni? Walizungumza kwa muda mrefu kuhusu majina ya utani kabla hata ya kuutaja ukurasa ule. Walipoutaja, waliamua wasiujibu mtandaoni na wasiuseme hadharani. Walikubaliana kwamba yeyote atakayesikia alama zikitajwa bwenini, uwanjani au kwenye foleni ya chakula, aseme maneno matatu, "Hatupimi watu hapa," kisha abadilishe mazungumzo bila kugombana. Maneno hayo hayakutoka kwangu, nami nisingeweza kuyatunga. Wasichana wawili walijitolea kumpitia mwenzao kitandani kila asubuhi na kutembea naye mpaka mstarini.

Hatua hiyo ya mwisho inafanana na ile inayotumiwa na programu ya KiVa, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Turku nchini Finland, ambapo mwalimu huwaita faragha wanafunzi wawili hadi wanne wenye moyo mwema na heshima darasani, akawaomba wawe karibu na aliyeonewa. Kwa mkumbo unaomdhalilisha mtu mmoja, sijui jibu la hadharani linaloweza kuishinda kazi hiyo inayofanywa kimya.

Gharama ya njia hii ni muda. Vikao vya kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima ni mzigo kwa mwalimu mwenye vipindi vingi, na anayetaka mkumbo uzimike kabla ya Ijumaa hataupata msaada wake wiki hiyo.

Kuchagua kulingana na hali

Mwalimu wa shule ya kutwa ambaye vifaa vyake vinaibwa na kuvunjwa kwa ajili ya video atumie onyo fupi lisilotaja jina, na siku ileile awaachie wanafunzi nafasi ya kuanzisha mkumbo wa kurudisha. Mengine yanaweza kusubiri. Mwenye mwanafunzi aliyedhalilishwa asianze na hadhara yoyote. Amwone kwanza aliyeumizwa, amuulize anataka nini, atafute wanafunzi wawili au watatu wa kuwa naye, na aripoti ukurasa kwa jukwaa husika huku nakala za picha za skrini zikihifadhiwa na mtu mzima mmoja tu. Ukurasa wa pongezi ninaupendekeza kwa nadra, pale palipo na wanafunzi wakubwa, mlezi anayelijua neno la siri, na makubaliano kwamba sura na umbo la mtu havitajwi. Katika shule nyingi ubao wa pongezi nje ya maktaba unafanya kazi hiyohiyo, nao hauwezi kudukuliwa.

Mkumbo wa kuumiza mwili, wa kumeza, kujikaba, kujikata au kuruka kutoka juu, usipewe jibu la hadharani la wanafunzi kwa namna yoyote. Hapo kazi ya mwanafunzi ni mbili tu: kumwambia mtu mzima, na kutomwacha mwenzake peke yake mpaka mtu mzima afike. Kikundi kifundishwe hivyo tangu kikao cha kwanza, kipewe majina ya walimu wawili wanaoweza kuamshwa usiku, na kikariri namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya pia.

Katika hali zote, wanafunzi wasitumwe kumtafuta mwenye ukurasa, wasijiunge na makundi ya siri ili kuleta habari, na wasimkabili mtu wanayemshuku. Nimewahi kuombwa na mwanafunzi hodari sana ruhusa ya kufungua akaunti ya uongo ili amnase mhusika, na nilimkatalia ingawa nilijua angefaulu, kwa sababu siku ambayo angegundulika angebaki peke yake bwenini na adui ambaye mimi sikumpa ulinzi dhidi yake.

Kikundi kikishaundwa, kisiachwe kikazeeka. Wanafunzi wa Kidato cha Nne wanapoingia katika maandalizi ya mtihani wa taifa huondoka na mvuto wao wote, na aliyetazamwa mwaka huu si lazima awe ndiye atakayetazamwa mwakani. Mimi hugawa karatasi zile upya kila mwanzo wa mwaka, wiki ya tatu baada ya wageni wa Kidato cha Kwanza kuzoeana, na wale wanaoondoka huombwa wakae kikao kimoja na wanaoingia bila mimi kuwapo chumbani.